Barua, Ombudsman, bunge la kaunti au mahakama: ushike njia ipi kaunti ikikunyima data?

Tuseme unataka kujua ada ya soko inayokusanywa na kaunti yako: kila soko, kila mwezi, kwa miaka 3. Hii si siri ya dola. Mama mboga aliyelipa ana risiti, mkusanyaji ana mashine mkononi, mfumo wa mapato umehifadhi kila shilingi iliyoingia, na afisa anayeusimamia anaweza kuitoa orodha nzima kabla chai yake haijapoa. Lakini ukienda kuiomba unaulizwa wewe ni nani, umetumwa na nani, na unaitakia nini.

Kenya ina njia nne halali za kuipata orodha hiyo, ukiacha ile ya kumjua mtu ndani. Wengi huchagua kwa hasira: amenyamaziwa wiki mbili, sasa anataka kwenda mahakamani, au anakimbilia kwa mwakilishi wadi kwa sababu ndiye pekee anayemfahamu. Hapa nazilinganisha kwa jicho la mtu asiye na wakili wala shirika nyuma yake. Msimamo wangu nausema mapema: anza na barua rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, hata kama unajua utaishia kwingine. Barua hiyo ndiyo inayoanzisha hesabu ya siku, na bila hesabu hiyo njia nyingine zote zinalegea. Baadaye, data ya majedwali ipeleke kwa Ombudsman (tume ya umma inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali), maelezo ya kisiasa yadai bungeni, na mahakama iachie mikataba na mambo yanayogusa watu wengi kwa mpigo.

Kilichokwisha chapishwa

Kabla ya kuandika lolote, soma kilichopo. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuhusu kaunti zote 47: mapato ya ndani, matumizi ya kila idara, madeni ambayo hayajalipwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatakiwa na Katiba kumaliza ukaguzi ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na ripoti zake zina mambo ambayo hakuna afisa wa kaunti atakayekuambia kwa mdomo wake. Zabuni zilizotolewa unaweza kuzitafuta kwenye tovuti ya tenders.go.ke. Makueni imekwenda mbali zaidi ya wenzake, ina tovuti yake ya kandarasi ambapo unafuata mradi kutoka zabuni hadi malipo. Tovuti ya taifa ya data huria iliyozinduliwa Julai 2011, enzi za Rais Kibaki, ilipigiwa vigelegele vingi, lakini usiiendee ukitafuta takwimu za mwaka jana.

Upungufu wa ripoti hizi ni kwamba zinakupa jumla. Utaona kaunti ilikusanya kiasi gani, ila hutaona soko la kijijini kwenu liliingiza nini mwezi wa Disemba. Na nyingi ni PDF, kwa hiyo utakaa chini kunakili namba moja moja.

Thamani yake kubwa iko kwingine. Ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti ni ushahidi kwamba kaunti ina data hiyo, maana jumla haiwezi kupatikana bila vipande vyake. Ukiandika barua ukasema, "Jumla ya mapato ya masoko mliyompelekea Mdhibiti wa Bajeti ni hii, naomba mchanganuo wake," umeziba mapema lile jibu la "hatuna rekodi hizo". Mimi siandiki ombi la fedha za kaunti bila kutaja ukurasa wa ripoti.

Barua chini ya Sheria ya 2016

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali. Sheria ya 2016 ndiyo inayosema haki hiyo inadaiwaje. Mambo yake muhimu kwa muombaji ni machache, lakini kila moja lina uzito.

Unaandika kwa Kiingereza au Kiswahili. Sheria inazitaja lugha zote mbili, kwa hiyo asikurudishe mtu kutafuta mtafsiri. Asiyeweza kuandika anasema kwa mdomo, na afisa analazimika kuliandika ombi hilo na kumpa nakala. Hutakiwi kueleza sababu, na hata ukiieleza haiwezi kutumika kukunyima. Kuwasilisha ombi ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili na kukufikishia. Kaunti inaweza kuwa na fomu yake, ila haiwezi kulikataa ombi lako eti kwa sababu hukuitumia.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kaunti inaweza kujiongezea muda mara moja tu, siku zisizozidi 14, kwa sababu kama wingi wa habari. Ikiwa habari iko ofisi nyingine, ombi linahamishwa ndani ya siku 5. Na sasa lile jambo ambalo wengi hawalijui: muda ukipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Ukimya wa kaunti ni uamuzi, na uamuzi unaweza kukatiwa rufaa. Hii ndiyo faida ya barua mbele ya kila njia isiyo rasmi. Anayepiga simu au kutuma ujumbe kwa afisa anayemjua anaweza kuzungushwa mwaka mzima, asiwe na siku hata moja anayoweza kusema, "leo nimenyimwa".

Barua inaelekezwa kwa Katibu wa Kaunti, kwa sababu sheria inamfanya mtendaji mkuu wa taasisi kuwa ndiye afisa wa kutoa habari, hata kama amemkabidhi mwingine kazi hiyo. Kama ni habari za bunge la kaunti, mwandikie Karani wa bunge. Kampuni ya maji ya kaunti ina meneja wake. Nakala moja mpelekee Afisa Mkuu wa idara husika, maana huyo ndiye atakayetumwa kuitafuta. Peleka barua masjala ukiwa na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Baruapepe nayo inafaa, hasa kwa Mkenya aliye Doha au Minnesota, maana haki hii ni ya raia popote alipo. Lakini ukiwa karibu, muhuri wa masjala haubishaniwi.

Ombi la data si sawa na ombi la nyaraka, na hapa ndipo barua nyingi zinapoharibika. Ukiandika "naomba habari kuhusu mapato ya masoko", utapewa kijitabu cha mpango wa maendeleo wa kaunti chenye picha ya gavana. Taja safu unazotaka. Mfano:

"Naomba rekodi za ada za masoko zilizokusanywa kuanzia Julai 2022 hadi Juni 2025. Kila mstari uonyeshe jina la soko, wadi, mwezi, kiasi kilichokusanywa na njia ya malipo. Naomba faili ya jedwali, Excel au CSV, kama inavyotoka kwenye mfumo wa mapato, na si kurasa zilizopigwa picha. Ikiwa kuna safu yenye majina ya watu binafsi, iondolewe nami nipewe zilizobaki. Ikiwa sehemu ya rekodi hizi iko katika ofisi nyingine, naomba ombi lihamishiwe huko ndani ya siku 5 nami nijulishwe."

Kila sentensi hapo inazuia kisingizio fulani. Kuhusu Excel, sheria inasema habari itolewe kadiri inavyowezekana katika umbo lile lile ilimohifadhiwa, isipokuwa muombaji akitaka umbo jingine. Data iliyomo kwenye mfumo wa kompyuta haijahifadhiwa kwa karatasi, kwa hiyo anayekuchapishia kurasa 400 ndiye anayejitafutia kazi. Omba rekodi ghafi iliyopo. Usiwaombe wakufanyie uchambuzi. Kaunti inaweza kusema haijawahi kukokotoa wastani wa mapato kwa kila mfanyabiashara, na itakuwa na haki. Kusema haina orodha ya mapato yake yenyewe ni jambo jingine.

Omba kidogo kwanza. Ombi la miaka 10 kwa idara zote linampa afisa sababu nzuri ya kujiongezea zile siku 14 na kukuandikia gharama ya kunakili. Miaka 3 ya idara moja inatosha kuona kama mlango uko wazi.

Unavyoweza kunyimwa

Kukataliwa kwa maandishi, kwa sababu iliyotajwa kisheria, ni nadra kuliko unavyodhani. Mara nyingi ni ukimya. Wakati mwingine unaitwa ofisini "tuzungumze", na mazungumzo yenyewe ni kukupima. Nenda ukiitwa, lakini usikubali maneno yachukue nafasi ya jibu. Ukitoka tu, andika baruapepe fupi ya kuthibitisha mlichozungumza, utaje kwamba ombi la tarehe fulani bado linasubiri jibu la maandishi.

Kisingizio kinachokua kwa kasi ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Afisa anasikia neno "data" kwenye barua yako, anakumbuka semina, anakataa. Sheria hiyo inalinda habari za mtu anayeweza kutambulika. Ada ya soko kwa mwezi haina mtu ndani yake. Orodha ya waliopata basari ya kaunti ina watu, tena wengine watoto, na hapo afisa ana hoja ya kweli. Njia ya kupita ni kuomba hesabu kwa wadi, kwa shule na kwa kiasi, bila majina. Ukiomba majina ya wanafunzi, huenda ukapoteza kesi nzima kwa sababu ya safu moja ambayo hata hukuihitaji.

Kisingizio cha pili ni siri ya biashara, na hiki hutokea kwenye mikataba: nani amepewa kazi ya kukusanya taka, mfumo wa mapato umenunuliwa kwa nani. Sehemu ya 6 ya sheria kweli inalinda maslahi ya kibiashara, pamoja na usalama wa taifa, faragha na mengineyo. Ila sehemu ya 5 ya sheria hiyo hiyo inaitaka taasisi ya umma, ikishatia saini mkataba, itangaze yenyewe kazi inayofanywa, bei, jina la aliyepewa na muda wa kumaliza. Huhitaji hata kuomba, unakumbusha tu. Taja sehemu ya 5 mwanzoni mwa barua, usiisubiri kwenye rufaa.

Halafu kuna jibu linaloudhi kuliko yote: umepewa, lakini si ulichoomba. PDF iliyopinda, miezi minne haipo, jumla bila masoko. Usishukuru ukanyamaza. Kupewa sehemu, au kupewa kwa jina tu, nako ni uamuzi unaoweza kuupeleka mbele.

Ombudsman dhidi ya mahakama

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo.

Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu wanaijua kama Ofisi ya Ombudsman, ndiyo iliyopewa kazi ya kusimamia Sheria ya 2016. Kauli mbiu yake ni "Hata mnyonge ana haki". Makao yake yako Nairobi, ina matawi mikoani, Mombasa na Kisumu zikiwamo, na huduma zake unazipata pia kwenye baadhi ya vituo vya Huduma. Kufungua lalamiko ni bure na huhitaji wakili. Unachopeleka ni ombi la mapitio: barua yako yenye muhuri, jibu kama lipo, na maelezo ya ukurasa mmoja. Muda ni siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi, ingawa Tume inaweza kukuongezea.

Hesabu siku hizo mapema. Barua iliyopokelewa tarehe 3 Machi inamaliza siku 21 tarehe 24 Machi. Kama hakuna jibu wala barua ya kuongeza muda, umeshakataliwa, na ombi lako la mapitio liwe limefika kwa Tume kabla ya tarehe 23 Aprili. Andika tarehe zote tatu kwenye kalenda siku ile ile unapotoka masjala. Wengi hulala kwa sababu wanaisubiri kaunti iwaandikie kwamba imekataa, na kaunti haina haraka ya kuandika hivyo.

Tume kwa kawaida huanza kwa kuiandikia kaunti ikitaka maelezo, na mambo mengi huishia hapo. Afisa aliyeipuuza barua ya mwananchi mmoja hufikiri mara mbili anapoona kichwa cha barua ya Tume. Ikilazimu, Tume ina uwezo wa kuamuru habari itolewe. Asiyeridhika, awe wewe au kaunti, ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Kaunti isipokata rufaa wala kutii, amri hiyo unaweza kuisajili Mahakama Kuu na kuomba itekelezwe kama amri ya mahakama yenyewe.

Udhaifu wa njia hii ni mwendo wake. Usitarajie wiki mbili. Tume inabeba pia malalamiko ya pensheni, vyeti vya ardhi na kila afisa aliyemtukana raia nchini. Ukiwa na uchaguzi wiki ijayo au bajeti inapitishwa Jumanne, Ombudsman hatakuwahisha. Na hatua ile ya kutekeleza amri kwa nguvu ndiyo utakayomhitaji wakili.

Mahakama ina meno tangu siku ya kwanza, na mifano ya ushindi ipo. Mwaka 2017, Katiba Institute, shirika linalotetea Katiba, iliomba idadi na gharama ya matangazo ya serikali yaliyorushwa kabla ya uchaguzi. Haikujibiwa, ikaenda Mahakama Kuu, na Jaji Chacha Mwita akaamua mwaka uleule kwamba kunyimwa huko kulivunja Kifungu cha 35, akaamuru habari itolewe. Ilikuwa ni ombi la takwimu tu, matangazo mangapi na fedha kiasi gani, na hoja ya serikali haikusimama. Mei 2022 huko Mombasa, Jaji John Mativo aliamua kesi ya Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliodai mikataba ya reli ya SGR. Serikali ilisema mikataba ile ina masharti ya usiri. Mahakama iliamuru itolewe.

Lakini angalia kilichofuata. Hukumu ilitoka Mei. Novemba, baada ya serikali kubadilika, ndipo waziri mpya wa uchukuzi alipotoa sehemu ya nyaraka, mikataba ya mikopo. Kama mradi wa mabilioni uliofuatwa na taifa zima ulichukua miezi 6 baada ya hukumu, na bado hayakutoka yote, jiulize hukumu yako kuhusu ada ya soko itachukua muda gani kumfikia karani wa mapato.

Kuna na mtego wa kisheria. Mawakili wa serikali hupenda kusema kwamba mlalamishi alipaswa kwenda kwa Tume kwanza, kwa kuwa sheria imeweka njia hiyo. Zipo kesi zilizotupwa kwa hoja hiyo, na zipo zilizosikizwa licha ya hoja hiyo. Mtu asiye na wakili asicheze kamari hii. Ukishapitia kwa Ombudsman, hoja hiyo inakufa, na unafika mahakamani na faili nene: ombi, muhuri, ukimya, mapitio. Jaji anapenda faili ya namna hiyo.

Kuna jambo moja ambalo mahakama inalifanya kuliko Tume: kupima maslahi ya umma dhidi ya siri. Sheria inasema hata habari iliyokingwa inaweza kutolewa ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara, na mizani hiyo imekabidhiwa mahakama. Kwa hiyo kama kaunti imekataa kwa sababu ya kweli iliyo ndani ya sehemu ya 6, na unaamini umma una haki zaidi, jua safari yako itafika kwa jaji. Kama imekataa kwa uvivu au woga, usipoteze nauli.

Bunge la kaunti

Njia hii wanaharakati huidharau na wanasiasa huisifu kupita kiasi. Mwakilishi wadi anaweza kuomba taarifa ndani ya bunge, na kamati husika ikalazimika kuleta majibu. Kifungu cha 195 cha Katiba kinazipa bunge la kaunti na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote na kudai nyaraka, kama Mahakama Kuu. Mwananchi naye ana haki ya kuwasilisha lalamiko rasmi bungeni yeye mwenyewe. Majibu yakishasomwa yanaingia kwenye kumbukumbu za bunge, na mtu yeyote anaweza kuyanukuu.

Ikilinganishwa na Ombudsman, bunge linaweza kuwa haraka mno: wakati wa bajeti, kamati ya fedha ikikasirika, data iliyokuwa haipo mwaka mzima inapatikana asubuhi. Na bunge linakupa kitu ambacho sheria ya habari haikupi, yaani maelezo. Sheria inakupa rekodi. Haimlazimishi afisa akueleze kwa nini soko la Jumatano linaingiza nusu ya zamani. Kamati inaweza kumuuliza, naye akajibu hadharani.

Ila huna saa ya kuhesabu wala pa kukata rufaa. Mwakilishi aliye upande wa gavana atakuahidi na kukuahidi tena. Aliye upinzani ataichukua data yako aitumie kumpiga gavana, na utakapoomba mara ya pili, kila ofisi itakuona kama mtu wake. Kwa anayetaka kuendelea kuomba data miaka mitano ijayo, hiyo ni gharama kubwa. Ushauri wangu: tumia bunge baada ya kupata data, kuuliza maswali yanayotokana nayo. Usilitumie kuitafuta, isipokuwa barua yako imeshapelekwa na siku zinakimbia.

Uchague vipi

Aliye na haraka ya siku chache na anatosheka na jumla, achukue ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, basi. Anayetaka jedwali la kina na anaweza kusubiri miezi michache, aandike barua kisha aende kwa Ombudsman. Kwa mtu mmoja asiye na fedha hakuna njia inayoishinda. Mwandishi wa habari mwenye tarehe ya kuchapisha aandike barua leo, amtafute mwakilishi wadi kesho, na ukimya wa kaunti auandike ndani ya habari yake. Kikundi cha wakazi kinachodai mkataba wa dampo au wa maji kitafute mapema shirika la msaada wa kisheria, lakini bado barua itangulie. Kama habari inahusu uhai, tuseme takwimu za maji yenye sumu au dawa zilizokwisha hospitalini, dai zile saa 48 kwa kuandika sababu hiyo kwenye mstari wa kwanza. Hapa, kinyume na kawaida, kueleza sababu kunakusaidia.

Mgeni asiye raia asianze safari hii kwa jina lake. Haki ni ya raia, pamoja na kampuni na mashirika yanayomilikiwa na raia. Mtafiti wa kigeni aungane na mwenzake Mkenya tangu barua ya kwanza.

Ukivuka mpaka wa Lunga Lunga

Wasomaji wa Tanga na Moshi huuliza kama haya yanawahusu. Tanzania Bara nayo ina sheria ya 2016, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, nayo ni ya raia tu. Zanzibar haimo. Barua inaandikwa vivyo hivyo, ila inakwenda kwa halmashauri, kwa afisa habari chini ya mkurugenzi mtendaji, na muda wa kujibiwa ni siku 30 badala ya 21.

Tofauti kubwa iko kwenye rufaa. Hakuna tume huru katikati. Ukinyimwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi ile ile ndani ya siku 30, na usiporidhika unakwenda kwa Waziri, ambaye sheria inaufanya uamuzi wake kuwa wa mwisho. Yaani anayekunyima na anayekusikiliza wanakula meza moja. Kwa hiyo ombi la Tanzania linatakiwa lishinde mwanzoni: liwe dogo, la adabu, lisilo na nafasi ya kukataliwa. Kufika rufaa ni nusu ya kushindwa.

Lakini Tanzania ina kitu ambacho kaunti za Kenya hazina kwa nguvu hiyo: mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi 3, ambapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa na watu huuliza. Nimeona mwenyekiti akibanwa juu ya mfuko mmoja wa saruji kwa ukali ambao hakuna kamati ya bunge ingeuweza. Kwa data ya kijiji, nenda mkutanoni na daftari, na picha ya ubao wa matangazo uipige kabla mvua haijaifikia karatasi. Kwa data ya halmashauri, mfuate diwani kabla ya baraza la madiwani, kisha ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), na barua iwe ya tatu.

Ukishaipata na kutaka kuitangaza, soma kwanza Sheria ya Takwimu. Marekebisho ya 2018 yalifanya kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa la jinai. Mwaka 2019 yakalegezwa, na sasa kuna nafasi ya kuchapisha takwimu zako. Hata hivyo andika wazi kwamba namba ni za halmashauri, taja barua waliyokupa na tarehe yake, na ukizijumlisha mwenyewe, onyesha ulivyojumlisha.